Michirizi ya kidarini inapopotosha: kumtambua kinda wa shomoro wa mbugani

Swali limetoka kwa Mama Baraka, mzaliwa wa Uvira ambaye sasa anaishi Des Moines, Iowa:

"Siku ya tarehe 26 Julai nilikwenda na mwanangu, mwenye miaka 13, kuwatazama baisoni katika hifadhi ya Neal Smith. Kwenye waya wa uzio kando ya njia alikuwa ametua ndege mdogo wa kahawia, kidari chake kina michirizi na mgongo wake uko kama magamba ya samaki. Baadaye alishuka chini akawa anakimbia ndani ya majani, na alipojaribu kuruka hakufika mbali. Programu ya simu imetuambia ni shomoro wa Savannah. Jirani yetu mpenda ndege ametazama kitabu chake akasema ni shomoro wa Henslow, ambaye si wa kuonekana kila siku, na mwanangu hajalala kwa furaha. Nakutumia picha tatu. Ni yupi kati ya hao wawili? Na je, tulikosea kumwacha pale ilhali hajui kuruka vizuri?"

Jibu:

Mama Baraka, salamu nyingi kwako na kwa kijana wako. Nimezitazama picha zenu kwa muda mrefu, na nasikitika kidogo kwamba nitamwondolea Baraka shomoro wake wa Henslow, ingawa ninayempa badala yake ana thamani kubwa kuliko anavyodhani. Ndege wenu si wa Savannah wala si wa Henslow. Ni kinda wa shomoro panzi, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Ammodramus savannarum, aliyetoka kiotani siku chache tu kabla hamjakutana naye na ambaye bado amevaa manyoya yake ya kwanza. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo bila kusita, kwa sababu njia ya kufikia jibu itamsaidia kijana zaidi kuliko jibu lenyewe.

Nianze na jina ili tusichanganyane. Shomoro tuliyemzoea Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, yule anayejenga kwenye mapaa na kuokota punje sokoni, ni wa jamii ya Passeridae, na huyo huyo alipelekwa Marekani kutoka Uingereza na kuachiwa Brooklyn, New York, katika miaka ya 1850. Shomoro wa mbuga za Iowa ni jamii nyingine kabisa, Passerellidae, ambayo ina asili ya mabara ya Amerika. Nawaita shomoro kwa sababu ndivyo wanavyoonekana: wadogo, wa kahawia, wenye mdomo mnene wa kupasulia mbegu. Shomoro panzi wao wamepata jina hilo kwa sababu mbili, nazo ni kwamba panzi ndio chakula chao kikuu wakati wa kiangazi, na kwamba wimbo wa dume ni mlio mwembamba wa kuvuma ambao mtu asiyejua huudhania kuwa wa mdudu majanini.

Sasa tuje kwenye kidari, kwa sababu hapo ndipo jirani yenu alipopotea, na simlaumu hata kidogo. Karibu kila kitabu cha ndege cha Amerika Kaskazini hufundisha kuwagawa shomoro wa mbugani katika makundi mawili, wenye michirizi kidarini na wasio na michirizi. Shomoro panzi mzima yumo katika kundi la pili: kidari chake ni safi, cha rangi ya ngano iliyokauka, hakina mstari wowote wa kueleweka. Shomoro wa Henslow mzima, Centronyx henslowii, yumo katika kundi la kwanza: kidari chake na mbavu zake zina michirizi myembamba myeusi iliyochorwa vizuri. Ndege hao wawili wana umbo linalofanana sana, kichwa bapa, mdomo mkubwa na mkia mfupi, kwa hiyo mtu akiona umbo hilo pamoja na michirizi anaona kazi imekwisha.

Lakini makinda wao wamebadilishana nguo. Kinda wa shomoro panzi hutoka kiotani akiwa na michirizi kidarini ambayo wazazi wake hawana, na kinda wa shomoro wa Henslow hutoka akiwa na kidari kilicho safi au karibu safi, hana michirizi ambayo wazazi wake wanayo. Kwa maana hiyo, kinda wa huyu hufanana na mzazi wa yule, na kinda wa yule hufanana na mzazi wa huyu. Hakuna mtego mwingine katika ndege wa mbuga hizi ulio mgumu kama huo, na hudumu kwa miezi michache tu kila mwaka, kuanzia Juni mpaka mwanzo wa vuli, ambayo ndiyo miezi watu wengi wana likizo na hutoka kwenda kutazama. Ndiyo sababu nasema kwamba mwezi wa Julai michirizi ya kidarini ni shahidi wa mwisho kuitwa, baada ya kuwasikiliza mashahidi wengine wote.

Shahidi wa kwanza ni umri wenyewe. Kabla ya kuuliza huyu ni ndege gani, inafaa kuuliza huyu ni mkubwa au ni mtoto, na picha yenu ya pili inajibu bila shaka. Tazameni pembe ya mdomo, pale taya za juu na chini zinapokutana: kuna mkunjo wa ngozi ya njano uliovimba kidogo. Huo ni ukingo wa kinywa cha kinda, unaomsaidia mzazi kuona mahali pa kuweka chakula kwenye kiota chenye giza, na hunywea polepole baada ya kinda kutoka. Tazameni pia mkia, ambao haujafika urefu wake. Kisha tazameni manyoya ya tumboni na ya chini ya mkia, yalivyo malegevu kama pamba iliyochambuliwa, tofauti na manyoya ya ndege mzima ambayo hulala yakabanana.

Ulegevu huo una sababu yake. Shomoro panzi hujenga kiota chini kabisa, kwenye kishimo kilichofunikwa na majani yaliyoinamishwa juu yake kama kibanda, na mlango uko ubavuni. Mayai huwa manne au matano, hukaliwa kwa siku 11 hadi 13, na makinda huondoka kiotani wakiwa na umri wa siku nane au tisa, kabla hata hawajaweza kuruka. Kiota cha chini kina nyoka, rakuni, skanki na panya wa aina nyingi wanaokitafuta usiku na mchana, na kila siku ya kukaa pale ni hatari. Mwili unaoharakishwa hivyo hauna nafasi ya kutengeneza manyoya imara. Hutengeneza manyoya ya haraka, yenye nyuzi chache, ya kumfunika mtoto mpaka apate mengine. Ukimwona shomoro ambaye manyoya yake ya tumbo yanapeperushwa na upepo mdogo tu, mfikirie kwanza kuwa kinda kabla hujafungua kitabu.

Shahidi wa pili ni kichwa, na hapa naomba Baraka aikuze picha ya kwanza mpaka kichwa kijaze kioo cha simu. Utosi ni bapa, hauna mviringo. Paji linateremka moja kwa moja mpaka kwenye mdomo kama paa la bati lisilo na kona. Mdomo ni mkubwa kwa ndege mwenye urefu wa sentimita 11 au 12, mnene tangu shina, wa rangi ya waridi iliyofifia. Katikati ya utosi mweusi-kahawia unapita mstari mmoja mweupe-manjano, umeonekana wazi kwa sababu ndege alikuwa ameinama. Jicho ni jeusi, limezungukwa na pete nyembamba nyeupe, na shavu ni tupu, halina alama nyingi isipokuwa doa dogo jeusi nyuma ya sikio. Sura hiyo ya jicho kubwa katika uso mtupu humfanya kinda wa shomoro panzi aonekane kama aliyeshtuliwa.

Ndege mzima angekuwa pia na doa la rangi ya chungwa au njano kati ya jicho na mdomo, na ukingo wa njano kwenye kiwiko cha bawa. Kinda wenu hana doa hilo la usoni, na watu wengi humkataa kwa sababu hiyo, kana kwamba amekosa kitambulisho. Asihukumiwe kwa jambo hilo, kwa sababu rangi hiyo huja na manyoya yanayofuata.

Na shomoro wa Henslow? Yeye, awe mkubwa au mdogo, ana rangi mbili ambazo hazimwachi: kijani cha zaituni kichwani na kisogoni, na wekundu wa kutu mabawani. Katika kinda kijani hicho huwa kimefifia na kuchanganyika na manjano, lakini kipo. Nimezipitia picha zenu tatu nikikitafuta kisogoni na sikukiona. Kisogo cha ndege wenu ni cha rangi ya majani makavu, kimechorwa mistari midogo ya kahawia, na bawa lake ni la kahawia ya kawaida yenye kingo za manjano. Juu ya hayo, kama angekuwa kinda wa Henslow, kidari chake kisingekuwa na michirizi yote hiyo, na kama angekuwa Henslow mzima asingekuwa na ukingo wa njano mdomoni. Pande zote mbili mlango umefungwa.

Kuhusu mgongo, nafurahi mmetumia neno magamba, kwa maana ndilo neno lenyewe. Kila unyoya wa mgongoni mwa kinda huyu ni mweusi-kahawia katikati na umezungushiwa ukingo mwembamba wa rangi ya maziwa, na kwa kuwa manyoya yote yalichipua wiki moja, kingo hizo zote ni nzima na za upana mmoja, zikijipanga safu kwa safu. Mzazi wake wakati huo huo, mwishoni mwa Julai, ana manyoya yaliyochakaa kwa miezi ya kupita katikati ya mabua, kingo zimelika na rangi imepauka. Ndege wa mbugani aliye nadhifu mno mwezi wa Julai mara nyingi ni mtoto. Hili peke yake halitoshi kutaja jina, kwa sababu makinda wa shomoro wengine pia wana magamba, na katika mbuga za kaskazini, Dakota na Montana, magamba yangenifanya nimfikirie kwanza kinda wa shomoro wa Baird. Iowa si kwao wakati wa kuzaliana, kwa hiyo hatuna haja ya kwenda huko.

Shomoro wa Savannah, Passerculus sandwichensis, anastahili jibu lililo kamili zaidi, kwa sababu programu ya simu haikukosea bure. Jina lake halihusiani na savana za kwetu. Alexander Wilson alimwita hivyo kwa ajili ya mji wa Savannah katika jimbo la Georgia, alikompata. Yupo Iowa, yupo katika majani ya aina hiyo hiyo, na ana michirizi kidarini akiwa mtoto na akiwa mzima. Programu hulinganisha picha yako na picha ilizofundishwa, na kwa kuwa watu hupenda kumpiga picha dume mzima anayeimba juu ya nguzo mwezi wa Mei, "mdogo, wa kahawia, mbugani, ana michirizi" huielekeza kwa Savannah. Lakini weka picha ya Savannah kando ya yenu. Mdomo wake ni mdogo na mwembamba, kichwa chake kina mviringo na mara nyingine huinua manyoya ya utosini kama kishungi kidogo. Michirizi yake ni minene, inashuka kutoka kooni, inajaa kidari chote na kuendelea mbavuni mpaka karibu na miguu, na chini ya shavu kuna mstari mweusi mnene kama sharubu. Mkia wake ni mrefu zaidi na ncha yake ina pengo katikati.

Kwa ndege wenu mambo ni tofauti. Michirizi ni mifupi na myembamba, imejipanga juu ya kidari kama kidani shingoni mwa mtu, kisha inakoma. Tumbo ni jeupe tupu, mbavu zina rangi ya ngano na alama chache tu zilizofifia. Na ule mkia, hata ukiruhusu kwamba bado unakua, ni mwembamba, na kila unyoya wake umechongoka nchani. Hakuna pengo. Nadhani mkia ungeisaidia programu kama ungeonekana vizuri katika picha mliyoiwekea, lakini mliichagua ile ya kwanza, ambayo waya umeukata.

Nataka niwaeleze jambo ambalo picha haiwezi kuonyesha. Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi na kundi la watu wenye kibali cha kuwafunga ndege pete za miguuni, na katika wiki za mwisho za Agosti tulikuwa tukiwapata makinda hawa kwenye nyavu zetu alfajiri, majani yakiwa bado yamelowa umande. Kinda mmoja wa shomoro panzi ana uzito wa gramu 17 hivi. Mkononi unahisi joto na mapigo ya moyo kuliko unavyohisi uzito. Unamshika shingo kati ya vidole viwili, kifua kikielekea juu, kisha unapuliza polepole. Manyoya ya kidari yanagawanyika kama nywele zinavyogawanywa na kitana, na chini yake unaona safu mbili za vijiti vidogo vya kijivu. Ni manyoya mapya yakiwa ndani ya ala zake, na katika baadhi ala imekwisha kupasuka nchani na unyoya umechungulia. Unyoya huo mpya una rangi ya ngano iliyoiva, na hauna mstari. Juu yake bado umelala ule wa zamani wenye mchirizi wa kahawia, umeshikilia kwa uzi. Siku chache baadaye utadondoka majanini.

Nimelitaja hili kwa sababu linaeleza kwa nini makosa ya aina hii hupungua yenyewe kadiri vuli inavyokaribia. Kinda habaki na michirizi, huibadilisha. Mwezi wa Septemba unaweza kukutana na ndege ambaye katikati ya kidari pamekwisha kuwa safi na pembeni kumebaki mistari michache, na ndege huyo wa nusu kwa nusu ndiye anayewavuruga watu kuliko wote, kwa kuwa hafanani na picha yoyote kitabuni. Wala isidhaniwe kuwa ratiba ni moja kwa shomoro wote. Shomoro wa LeConte, Ammospiza leconteii, anayezaliana kaskazini zaidi kwenye majani yenye unyevu, huweza kupita Iowa akielekea kusini mwezi wa Oktoba akiwa bado na manyoya ya utotoni, na wapo watazamaji wazuri tu waliokosea kwa sababu walidhani msimu wa makinda umekwisha.

Wengine waliobaki nitawapitia haraka, kwa sababu umbo lao linawaondoa. Shomoro wa jioni, Pooecetes gramineus, ni mkubwa zaidi na akiruka huonyesha manyoya meupe pembeni mwa mkia. Shomoro mwimbaji, Melospiza melodia, ana mkia mrefu wa mviringo anaoupandisha na kuushusha akiruka, na hupenda vichaka kuliko majani matupu. Mmoja tu nataka mumjue kwa sababu huleta mshangao: ndege wa ng'ombe mwenye kichwa cha kahawia, Molothrus ater, hutaga katika viota vya wenziwe, na kinda wake ana michirizi kidarini vilevile. Mkimwona shomoro mdogo akimlisha mtoto mwenye michirizi aliyemzidi ukubwa maradufu, msiandike kwamba mtoto huyo ni shomoro.

Mahali nako kuna neno la kusema, ingawa silipi uzito sawa na mwili wa ndege. Shomoro panzi hupenda majani mafupi au ya wastani, yaliyoachana, yenye vipande vya udongo mtupu katikati, kwa kuwa maisha yake ni ya kukimbia chini na kuwinda kwa macho. Shomoro wa Henslow hutaka kinyume chake: majani marefu yaliyobanana, yenye tabaka nene la majani makavu ya miaka iliyopita, kwa hiyo shamba lililochomwa moto majira ya kuchipua ya mwaka huu kwa kawaida halimfai mpaka angalau mwaka mwingine upite. Katika picha ya tatu naona udongo kati ya mashina na majani yasiyofika magotini pa mtu. Hapo ni nyumbani kwa shomoro panzi. Hata ile tabia mliyoieleza, ya kushuka na kukimbia kama panya badala ya kuruka, ni yake hata akiwa mzima. Ndiyo sababu watu hukaa mbugani asubuhi nzima wakimsikia bila kumwona.

Hilo linanileta kwenye swali lako la pili, Mama Baraka, ambalo naona lilikusumbua moyoni kuliko la kwanza. Hamkukosea kumwacha. Mlifanya lililo sahihi. Kinda wa shomoro panzi hutoka kiotani akiwa hajui kuruka, na kwa siku kadhaa huishi hivyo hivyo, akijificha chini ya majani huku wazazi wakimfuata na chakula. Mtu akipita na kumwona peke yake huona yatima, kumbe mama yupo hatua 20 nyuma na panzi mdomoni, anasubiri mtu aondoke. Kuna kitu kizuri mtakachokiona mkitulia mbali na kutazama kwa darubini: mzazi akikamata panzi wa kumpelekea mtoto humtikisa kwanza, jozi ya miguu baada ya jozi, mpaka miguu yote idondoke, kisha ndipo humpeleka kiwiliwili kilicho laini. Yeye mwenyewe akila si lazima ajisumbue hivyo. Mngemchukua kinda nyumbani, hakuna ambaye angemfanyia kazi hiyo, na zaidi ya hayo sheria ya Marekani ya ndege wahamao ya mwaka 1918 inakataza kumkamata au kumfuga ndege wa asili bila kibali.

Mara nyingine mkipata bahati kama hii, nawaomba mpige picha kwa mpangilio ufuatao. Kwanza yoyote ile, ya haraka, kabla hajaondoka. Kisha ya ubavu mzima, mdomo na mkia vikiwemo ndani ya fremu, kwa maana umbo ndilo linalobeba jibu. Kisha, kama atainama au kugeuka, ya utosi na kisogo. Picha ya kidari kutoka mbele, ambayo wengi huikimbilia kwa sababu ndiyo inayopendeza, iwe ya mwisho. Msisahau kuandika tarehe, na kama majani yalikuwa marefu au mafupi. Jua la mchana hula rangi ya kijani na ya kutu, kwa hiyo kama mnamtafuta Henslow kwa kweli, nendeni asubuhi mapema, au siku ya mawingu mepesi.

Na sasa nimgeukie Baraka mwenyewe, kwa sababu mama yake amesema hakulala. Kijana wangu, najua jina adimu lina utamu wake. Lakini fikiria ulichokiona. Mbuga ya majani ya asili iliyobaki Iowa haifiki hata sehemu moja kwa mia ya ile iliyokuwepo kabla ya majembe kuingia, na pale Neal Smith majani mengi unayoyaona yamepandwa upya kwa mikono ya watu juu ya mashamba ya zamani ya mahindi na soya. Tangu mwaka 1966, hesabu za kila mwaka za ndege wanaozaliana Amerika Kaskazini zilipoanza, shomoro panzi wamepungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Dume mzima anayeimba juu ya nguzo hathibitishi mengi. Anaweza kuimba msimu mzima asipate jike, au akapata na kiota kikaliwa na nyoka. Kinda mwenye ukingo wa njano mdomoni na mkia usiokamilika anathibitisha kwamba katika eneo hilo, mwaka huu, kiota kimoja kimefaulu. Watunzaji wa hifadhi wanaopanga lini wachome majani na lini wakate wanahitaji taarifa ya aina hiyo, nayo hawaipati mara nyingi. Wapelekeeni picha zote tatu pamoja na tarehe na mahali pa ule uzio, na mwandike wazi kuwa ni kinda.

Kisha rudini kwenye uzio huo huo baada ya wiki nne, mwishoni mwa Agosti. Madume watakuwa wamenyamaza na mbuga itaonekana tupu, lakini tembeeni polepole kwenye njia, mkitazama waya wa chini na miguu ya nguzo. Mkimpata, kuzeni picha ya kidari na mtafute pale katikati, chini kidogo ya koo: kama manyoya mawili matatu ya rangi ya ngano yameshatokeza kati ya michirizi, nitumieni picha hiyo, nitafurahi sana kuiona.